Kwenda Thika Kutafuta Gome la Kutozeeka

Mwaka wa hamsini na moja shangazi yangu Mwanaisha aliamua kwamba hatakufa. Hakumshauri mtu. Alinitangazia asubuhi moja, akiwa amekaa kitandani na mguu mmoja juu ya mto, kwa sauti ileile anayotumia kusema kwamba leo hatapika samaki.

Umri wake ulikuwa miaka sitini na minane kwa hesabu yake, sabini na miwili kwa hesabu yangu. Alikuwa na kisukari. Kila asubuhi dresa wa hospitali alifika kwa baiskeli nyumbani kwetu Mombasa, akamdunga sindano, na kila asubuhi shangazi alimtukana dresa, akamtukana mama yake, akamalizia na baiskeli. Mimi amenilea tangu nikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo matusi hayo nayajua kwa mpangilio wake, na siku akiruka moja huingiwa na wasiwasi.

Kilicholeta uamuzi huo ni barua. Mpwa wa marehemu mumewe, Hamisi, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, aliandika kwamba karibu na Thika yuko Mkikuyu mmoja ambaye hazeeki. Ana miaka mia na ushee, aliandika Hamisi, na anafuata ng'ombe kutwa bila fimbo. Siri yake ni gome la mti uitwao muteta, ambalo huchemsha akalinywa. "Hata mimi nalinywa mwaka wa tatu sasa," alimalizia, "na mabadiliko nayaona."

Shangazi alinisomesha barua ile mara tatu. Ya nne aliikariri mwenyewe.

"Athmani, utakwenda," akasema. "Ukirudi na hilo gome, sindano naitupa kisimani na dresa aifuate akitaka."

Daktari alikuwa ameniambia kando, mlangoni, kwamba bila sindano hiyo shangazi hana miezi, ana wiki. Hilo yeye alilisikia pia, kwa kuwa masikio yake hayana kisukari, lakini alilichukulia kama bei ya kwanza ya mwenye duka. Nikamwambia sitakwenda. Akasema basi sindano anaiacha kesho. Nikamwambia nitakwenda, ila adungwe mpaka nirudi na asikilize nitakalomwambia. Akakubali, kwa sharti.

"Umwone huyo mzee kwa macho yako. Umhesabu."

"Nimhesabu nini?"

"Miaka. Wewe hununui fungu la nyanya bila kulihesabu mara mbili. Mtu je?"

Nikaondoka siku ya Jumatatu, na kazi mbili begani: ama nirudi na gome linalofanya barua ilivyosema, ama nirudi na ukweli wenye nguvu za kuishinda barua. Sikuwa na hakika lipi lingekuwa zito zaidi kulibeba.

Garimoshi la Nairobi, daraja la tatu. Nilifanya kosa la kumweleza jirani yangu nilikokuwa nikienda na kwa nini. Kufika Voi nilikuwa nimekwisha kutajiwa mimea saba ya kurefusha maisha: mlonge, mwarobaini, habasoda, kitunguu saumu, tangawizi, majani ya mpera, na mzizi mmoja ambao mwenyewe hakutaka kuutaja mbele ya wanawake. Kufika Nairobi ilikuwa imetimia kumi na minne. Nikahesabu tena, kumi na minne. Kisha nikawatazama mmoja mmoja wale walionitajia. Aliyesifu mwarobaini alikuwa na kikohozi cha kuamsha behewa zima. Aliyesifu saumu aliteremka akishikwa mkono. Mwenye mzizi wa siri alikuwa na meno manne. Kwa sura, hakuna hata mmoja aliyenishawishi.

Ruiru, Jumanne saa tano asubuhi. Nilishuka kwenye stesheni ndogo, pande zote mistari ya kahawa imenyooka kama imepigwa rula. Hamisi aliandika kwamba atanipokea. Nikangoja. Palikuwa na mzee mmoja tu, amekaa juu ya gunia, ananiangalia. Baada ya muda mzee yule akasimama.

"Athmani! Wanipita kama mti?"

Alikuwa Hamisi. Hamisi amezaliwa mwaka mmoja na mimi, na mimi wakati huo nilikuwa na arobaini na mmoja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na suruali ilishikwa na kamba.

"Mabadiliko umeyaona?" akaniuliza kwa furaha.

"Nimeyaona," nikasema. Sikuwa nimedanganya.

Kwenye chumba chake nyuma ya jiko la Mzungu alinionyesha sufuria. Ndani palikuwa na vipande vya gome vya rangi ya udongo, na maji meusi. Akanipa nusu kikombe. Nimewahi kumeza kwinini, na nimewahi kumeza maneno ya shangazi mbele ya wageni. Hiki kilikuwa kichungu kuliko vyote viwili. Hamisi alikunywa vikombe viwili asubuhi, viwili jioni, na ili dawa isiharibike tumboni aliacha nyama, samaki, sukari na mafuta.

"Unakula nini basi?"

"Ugali kidogo."

"Na unajisikiaje?"

"Mwepesi!" akasema Hamisi, akaegemea ukuta.

Nikamwuliza kama amemwona huyo mzee wa miaka mia kwa macho yake. Akasema hajamwona, ila amemwona aliyeona picha yake, Mhindi mwenye duka Thika, ambaye ndiye humuuzia gome. Hapo nikaelewa kwamba barua iliyonitoa Mombasa ilikuwa imeandikwa na mtu aliyemwona mtu aliyeona picha. Lakini nauli ilikuwa imekwisha kutoka, na picha haisemi uongo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri siku ile.

Thika, Jumatano. Basi liliniacha karibu na soko, nikauliza duka la Mansukhbhai. Nilimkuta mtu mwembamba wa makamo, miwani pajini pa uso, amezungukwa na madebe ya manjano, iliki, na mitungi ya vitu vilivyolowekwa kwenye asali. Mama yake mzee alikuwa kwenye kiti nyuma ya mizani, anachambua dengu. Nilipotaja muteta, Mansukhbhai hakutazama rafu. Alinitazama mimi, kuanzia viatu.

"Ya nani? Yako?"

"Ya shangazi yangu."

"Iko kuumwa?"

"Hataki kufa."

"Aa," akasema, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua. "Watu mingi iko na hiyo."

Nikamwambia sitaki kusikia gome linatibu mgongo, tumbo wala macho. Nataka aniambie kitu kimoja: ndani ya gome hilo mna nini cha kumzuia mtu asizeeke? Akafurahi. Nadhani alikuwa amengojea swali hilo miaka mingi. Alivua miwani, akaeleza kwamba kule ng'ambo ya mto kuna kiwanda kinachopika magome ya miti ya miwati. Magome huchemshwa mpaka yatoe uchungu wake wote, uchungu ule ukakaushwa ukawa kama lami, ukapelekwa Ulaya kulainishia ngozi.

"Ngozi ya ng'ombe, wewe acha jua siku tatu, naoza, nanuka," akasema. "Tia ndani ya hiyo uchungu ya gome. Nakaa miaka hamsini! Angalia hii mukanda yangu. Ya baba yangu hii. Imezeeka? Haijazeeka. Sasa kama uchungu ya gome naweza kuzuia ngozi ya ng'ombe kuzeeka, ngozi ya mutu je? Tumbo ya mutu je? Ndani yote ni ngozi!"

Nilipima hoja hiyo kulia na kushoto. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na kasoro moja tu.

"Mansukhbhai, huyo ng'ombe amekwisha kufa."

Mama yake nyuma ya mizani akasema neno la Kigujarati, na mabega yake yakatikisika.

"Hiyo ni maneno ya kushindana," akasema Mansukhbhai. "Ngoja."

Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na picha ndani ya fremu ya bati. Ilipigwa na mpiga picha wa Nairobi, siku baba yake alipofungua duka la kwanza la mabati pale Thika, kabla ya vita vya kwanza vya Wajerumani. Baba yake alisimama katikati. Kulia kwake alisimama Mwafrika mrefu, amejifunga blanketi, ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa mpaka karibu na shingo, nywele zimeanza mvi, kovu juu ya jicho la kushoto. Mtu wa miaka sitini, ukimpunguzia. Nyuma ya picha baba yake alikuwa ameandika kwa wino, kwa herufi za Kizungu: Kariuki wa Mbugua.

"Huyu ndiye alileta gome ya kwanza kwa baba yangu," akasema Mansukhbhai. "Sasa enda Gatuanyaga, kambi ya mashamba ya mkonge. Uliza Kariuki wa Mbugua. Angalia yeye. Halafu rudi, niambie ng'ombe amekufa."

"Wewe umemwona?"

"Kila mwezi yeye naleta gome hapa. Jina ni hiyo? Ni hiyo. Sura ni hiyo? Utaona mwenyewe."

Niliomba kuichukua picha. Akakataa. Nikaomba tena, nikaweka saa yangu mezani iwe rehani. Akaigeuza, akaisikiliza, akaiweka mfukoni. Ilikuwa saa nzuri, na nilipoona amekubali upesi hivyo nikajua kwamba mtu huyu mwenyewe anaiamini picha yake.

Alhamisi, njia ya Gatuanyaga. Lori la mkonge lilinibeba hadi njia panda, kilichobaki nikakimaliza kwa miguu. Huko mashariki ya Thika nchi hubadilika ghafla: unaacha majani mabichi nyuma yako na kuingia kwenye vumbi jekundu na miiba, na mkonge umesimama kwa safu kama askari waliosahauliwa. Nilipita miti mifupi yenye magome yaliyochunwa upande mmoja, kwa ustadi, ili mti usife. Nikaona kwamba mchunaji wake ana mpango wa kurudi.

Kambi ilikuwa nyumba kumi na nane za nyasi; mara ya pili nikapata kumi na tisa, kwa kuwa moja ilikuwa banda la mbuzi. Mwanamke mmoja mnene, kilemba kichwani, alikuwa akipepeta maharagwe. Nikamsalimu, nikamwuliza Kariuki wa Mbugua.

"Ni bwana yangu," akasema. "Mimi naitwa Wanjiku. Iko na ng'ombe, inarudi sasa hivi. Kaa hapa."

Nikamkadiria Wanjiku: hamsini, hamsini na mbili. Kwa mzee wa miaka mia, nikasema moyoni, ameoa vizuri.

Kariuki alitokea na ng'ombe wake mbele, wala sikuhitaji kuonyeshwa. Nilikuwa na picha pajani. Urefu ule ule. Ndewe za masikio zile zile, moja ameikunja juu ya sikio. Mvi zimeanza, hazijaisha. Kovu tu ndilo sikuliona, nikajiambia miaka arobaini inatosha kovu kupotea. Na kama gome linarudisha ngozi, litashindwa na kovu? Ninawaomba wasomaji wangu walitazame vizuri wazo hilo. Ndivyo anavyofikiri mtu mwerevu akishaamua kununua.

Niliifanya kazi niliyotumwa. Nilimwomba ruhusa nihesabu meno yake. Alishangaa, akamtazama mkewe, akafungua kinywa kama mtu anayemridhia mgonjwa. Ishirini na saba. Nikaanza upya kutoka chini: ishirini na saba.

"Unataka kununua mimi?" akauliza Kariuki.

"Nataka kujua umri wako, mzee."

"Sisi hatuandiki," akasema. "Wakati reli inapita Nairobi, mimi nilikuwa nachunga mbuzi."

"Leo pia unachunga."

"Leo ni ng'ombe," akanisahihisha.

Nikamwonyesha picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, na uso wake ukalegea. Akaniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia.

"Kariuki wa Mbugua," akasema polepole.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye kabisa."

Wakati ule ule mzee mwingine akatoka kwenye nyumba ya pili, na huyu alikuwa mzee kweli: amepinda, mvi nyeupe kama pamba, macho yana ukungu, anatembea na fimbo mbili. Miaka themanini kama si zaidi. Kariuki akasimama kumpa kigoda. Yule mkongwe akavua kofia yake kuukuu, akainamisha kichwa, akamwambia Kariuki kwa sauti ya heshima:

"Baba, umerudi salama? Ng'ombe wamekunywa maji, baba?"

Kwetu Mombasa mama humwita mwanawe mchanga "baba" akimbembeleza anywe uji, na hilo nalijua. Lakini hapa mtu wa miaka themanini amevua kofia. Nikafanya hesabu. Mwana ana themanini. Baba amemzaa, tuseme, akiwa na ishirini na miwili. Mia na miwili. Nikachukua njia ya picha: sitini wakati ule, arobaini tangu hapo. Mia. Nikarudia zote mbili. Njia mbili mbalimbali, na zote zinaishia kwenye mlango mmoja. Mfanyabiashara hapati uthibitisho mzuri kuliko huo hata kwenye mizani ya serikali.

Nakiri hapa, ijapokuwa sikuwa na nia ya kukiri, kwamba machozi yalinilenga. Nilimwona shangazi ana miaka mia na kumi, anamtukana mjukuu wa dresa. Nilikuwa nimekuja huku nikitarajia kurudi na maneno ya kumvunja moyo, na sasa ningerudi na magunia. Nikaagiza gome palepale: mafungu ishirini. Kisha nikasema arobaini. Na ile sindano, nikasema moyoni, nitaitupa kisimani mimi mwenyewe.

Wanjiku alituletea supu ya mbuzi, imetiwa muteta. Nilikunywa bakuli zima bila kukunja uso. Nilipoona yule mkongwe hanywi, nikamwonea huruma, nikamwuliza:

"Mzee, kwa nini baba yako hakukupa gome na wewe?"

"Alinipa. Mimi silipendi," akasema. "Ni chungu. Tangu mtoto nilikuwa namwaga nyuma ya nyumba."

"Unaona sasa! Ungelinywa, ungekuwa kama baba."

"Kama baba?" Akacheka mpaka akakohoa. "Kama baba sitaki. Baba alikufa."

"Alikufa nani?"

"Baba."

"Baba si huyu?"

"Huyu ni baba."

"Basi nani amekufa?"

"Nimekuambia, baba! Alikufa ile homa ya baada ya vita. Hakufikisha hata sabini. Na gome alikunywa kila siku, asubuhi na jioni."

Nikamtazama Kariuki. Kariuki alinitazama. Kisha Wanjiku akaweka ungo chini, akashika mbavu zake, na kilichomtoka kilisikika, nadhani, mpaka Thika.

"Ũũi! Huyu mtu ya Mombasa anafikiri baba ya huyu mzee ni bwana yangu!" akasema. "Sikiliza, ndugu yangu. Kariuki, yule wa picha, baba yake aliitwa Mbugua, na yeye akazaa Mbugua, huyu mzee hapa. Mbugua alizaa mtoto ya kwanza. Mtoto ya kwanza lazima aitwe jina la baba ya baba yake. Akaitwa nani?"

"Kariuki," nikasema.

"Wa?"

"Mbugua."

"Sasa Mbugua atamwita mtoto wake 'wewe Kariuki'? Hilo ni jina la baba yake! Anamwita baba. Na lile jina, unajua maana yake? Kariuki ni yule amezaliwa tena."

Jina lenyewe lilikuwa limeniambia, ila kwa Kikikuyu. Nikabaki na bakuli mkononi. Njia mbili mbalimbali, na zote mbili zilikuwa zimepita kwa watu wawili zikawahesabu mmoja. Mtu wa miaka mia alikuwa mtu wa sitini kasoro kidogo, anafanana na babu yake, basi.

"Na gome je?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeokota anachoweza.

"Muteta ni ya supu," akasema Kariuki. "Umekula nyama mingi, unatia kidogo, tumbo inakaa sawa. Viungo pia, wakati wa baridi. Nani alisema ni ya kutokufa?"

"Mansukhbhai."

"Mimi sijaambia yeye hivyo. Yeye ananunua, ananiangalia, anacheka peke yake. Nikafikiri ni tabia yake."

Nikaomba kupunguza mafungu arobaini. Kariuki akasema neno ni neno. Tukabishana kwa adabu mpaka jua likaanza kushuka, nikaondoka na fungu moja, nililopewa bure na Wanjiku kwa sababu, alisema, hajacheka hivyo tangu harusi yake. Mzee Mbugua aliomba picha abaki nayo. Nikamweleza kwamba saa yangu iko Thika badala yake. Aliipapasa picha kwa kidole, macho hayaoni vizuri, akasema neno kwa Kikikuyu. Wanjiku akanitafsiria: anamwambia baba yake asichelewe kurudi. Nikaiacha picha. Saa, hata hivyo, ilikuwa inachelewa dakika sita.

Ijumaa, Thika. Mansukhbhai alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakukasirika kuhusu picha kama nilivyotarajia. Aliniuliza tu, mara mbili, kama nina hakika kwamba yule wa kwanza alikufa.

"Wa homa. Hakufikisha sabini."

Akaketi juu ya debe. Ndipo nilipoona kikombe karibu na mizani, na ndani yake maji meusi ninayoyajua. Hakuwa akiuza tu.

"Ya mama," akasema polepole. "Miaka nane nampa. Asubuhi na jioni."

Yule mama mzee akasema neno lake la Kigujarati bila kuinua macho kwenye dengu. Nikauliza amesema nini.

"Anasema miaka nane anamwagia mchicha," akasema Mansukhbhai.

Nikatazama nje kwenye uga. Mchicha ule, sina budi kusema, ulikuwa mzuri sana.

Ruiru, siku hiyo hiyo jioni. Hamisi sikumwambia mengi. Nilimkalisha mbele ya sahani ya nyama niliyonunua njiani, nikamwambia mzee wa miaka mia anamsalimia na anasema gome halifanyi kazi tumboni pakavu: mtu ashibe kwanza, nyama na mafuta, ndipo anywe kijiko kimoja.

"Kijiko kimoja tu?"

"Mwenyewe amenitazama usoni akaniambia 'unatia kidogo'."

Hamisi alikula kama mtu aliyetoka jela. Alipomaliza alisema anahisi gome limeanza kazi.

Mombasa, Jumapili adhuhuri. Shangazi alikuwa amevaa kanga mpya na amekaa barazani tangu asubuhi. Dresa alikuwa amepita; matusi niliyakuta bado yanaelea. Hakuniuliza habari za safari.

"Umemhesabu?"

Njiani nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu, wote wa bei nafuu. Wa kwanza ulikuwa kama ule niliompa Hamisi, gome pamoja na sindano, na ungefaa. Lakini huyu mwanamke ndiye aliyenifundisha kudanganya. Angeliona shimo kabla sijamaliza kulichimba. Nikamweleza yote kama yalivyokuwa, na picha, na meno, na kofia, na machozi yangu pia. Nilipofika kwenye "baba alikufa" sikumtazama.

Akaanza kukunja pindo la kanga yake mpya. Nilidhani anaumia kwa kulikosa gome. Sivyo.

"Huyo mkongwe," akasema, "baba yake amekufa zaidi ya miaka thelathini?"

"Zaidi."

"Na kila jioni anamwuliza kama amerudi salama."

"Ndiyo."

"Na mimi nikifa, Athmani, nani atalisema jina langu jioni? Dresa?"

Shangazi hakujaliwa kuzaa. Alinilea mimi, na mimi nilifika miaka arobaini na mmoja nikijivunia kwamba hakuna mwanamke aliyenishinda kwa bei.

"Sindano nitaendelea nayo," akasema. "Lakini si bure. Utaoa. Wa kwanza akiwa msichana ataitwa Mwanaisha."

"Nitalifikiria, shangazi."

"Lifikirie mpaka kesho dresa akija. Usipokuwa na jibu, namrudisha na baiskeli yake."

"Mwaka mmoja."

"Miezi mitatu."

"Miezi minane, na mchumba nachagua mimi."

"Sita, na tunachagua wote."

Nimejadiliana na Wahindi, na Waarabu, na Wakikuyu wenye mafungu arobaini ya gome, na kila mara niliondoka nimebakiwa na kitu mkononi. Siku ile niliondoka barazani na miezi sita.

Wanaoniuliza nimejifunza nini huko bara huwaambia hivi: muteta ni nzuri kwenye supu ya mbuzi, tia kidogo. Yako mengine ndani ya gome hilo ambayo labda wataalamu watayajua siku moja, na wakiyajua nitawasikiliza, mradi kwanza wanionyeshe cheti cha kuzaliwa cha huyo mzee wao na cha babu yake. Kuhusu kurefusha maisha, niliyoiona ikifanya kazi ni dawa moja tu, na mimi ndiye ninayeinywa. Kila asubuhi dresa anafika, shangazi anapandisha kanga hadi pajani, anamtazama dresa, ananitazama mimi, na kabla hajakubali kudungwa anauliza:

"Umepata?"

"Bado, shangazi. Natafuta."

"Dunga," anamwambia dresa. "Leo tu."